Shikamoo, Jenoveva

Mlango wa kibanda ulipojifunga nyuma yake, sauti ilimsalimu kwa adabu zote.

"Shikamoo, Jenoveva."

Hakuitikia. Mwanamke wa miaka thelathini, fundi wa majokofu ya samaki pale Kibirizi, mwenye mimba iliyokwisha kushuka kiasi kwamba hata kufunga kamba za viatu ilikuwa kazi ya kuomba msaada, leo aamkiwe kama bibi kizee! Lakini mashine haikuwa inamtania. Ilikuwa imechukua umri wa watu wote waliomo ndani ya jina lake, ikatafuta wastani, ikaona inaongea na mtu mzima anayestahili heshima yake. Nusu ya mji wa Kigoma ilikuwa inaamkiwa hivyo siku hizi. Vijana wa sekondari waliambiwa shikamoo na geti la shule, na wazee wenye mvi waliulizwa mambo vipi.

"Karibu katika Kibanda cha Kurejeshewa Wasifu cha Kampuni ya Sawiri," sauti iliendelea. Ilikuwa ya kike, laini, ya mtu aliyekula akashiba. "Mlango umefungwa ili mtu yeyote asikushurutishe majibu. Utafunguka utakapomaliza. Ukichoka kabla ya hapo, sema maneno haya: nakubali yote. Mlango utafunguka papo hapo na wasifu wako utabaki kama ulivyo."

"Na nikishikwa na haja?"

"Sema: nakubali yote."

Jenoveva alicheka kwa hasira, akakaa. Kibanda kilikuwa na kigoda kimoja, kioo kidogo cha kuwekea kidole, na joto la kutosha watu kumi. Ukuta mmoja ulikuwa wa kioo cheusi. Aliye ndani aliona nje, aliye nje hakuona ndani. Kwa kioo hicho alimwona mama yake kwenye benchi la ukumbini, amepakata mfuko wake wa kitenge kwa mikono miwili, anatazama ukuta asioweza kupenya. Asubuhi alipoulizwa mfuko wa nini, alisema ameweka chakula, maana ofisi hizi zinaweza kukulaza na njaa.

Mtoto alipiga teke. Jenoveva aliweka kiganja pale pale alipopigwa, kama anayegonga hodi kwa upande wake.

Kwa ajili ya huyu ndiyo alikuwa hapa. Kliniki, Sista Eufrasia alipofungua wasifu wake aanze kuandaa kadi ya kuzaliwa, alicheka mpaka akashika meza. "Jenoveva, kumbe wewe ni mlevi! Unakunywa kila Jumamosi mpaka unapoteza viatu. Una sukari. Na unaishi Kigoma na Tabora kwa wakati mmoja." Kisha macho yake yalishuka chini ya kioo, kwenye daraja la mtoto, na kicheko kikaisha.

Mtoto hurithi wasifu wa mama yake. Kampuni haikuwa na namna nyingine ya kumjua kiumbe ambaye bado hajanunua kitu wala kuongea na simu, kwa hiyo ilimkadiria kwa mama, ikampa daraja, na daraja la kuzaliwa halibadiliki. La kwanza, kila mlango unamfungukia. La tatu, milango inamfungukia kwa kusitasita: shule za mbali, hospitali za foleni, kazi zinazobaki baada ya wengine kuchagua. La nne hatoki hospitali na mama yake. Anapelekwa nyumba ya uangalizi mpaka mama athibitike kuwa anafaa kulea, na Sista Eufrasia hakumjua mama yeyote aliyekwisha kuthibitika.

Mtoto wa Jenoveva alikuwa wa daraja la nne.

"Tuanze," sauti ilisema. "Nitakuletea vipande vya wasifu wako. Kwa kila kipande utajibu: ni mimi, au: siyo mimi. Cha kwako kitabaki kwako na kwa uzao wako. Kisicho chako kitatengwa. Jibu likishatolewa halibadilishwi. Uko tayari?"

"Niko tayari tangu mwaka jana."

Kioo kiliwaka. Bia. Bia. Supu ya kongoro. Bia. Kisha sauti ya mwanamume, nzito, inaimba wimbo wa kanisani huku ikimwomba dereva wa bodaboda amtafutie kiatu cha kushoto.

Jenoveva hakuhitaji kufikiri. Huyo alikuwa Ezekia, mdogo wake, fundi mwashi. Zamani ilipotoka amri kwamba kila laini ya simu isajiliwe kwa kidole cha mwenyewe, kitambulisho cha Ezekia kilikuwa kinamsubiri ofisi ya kata, na Ezekia alikuwa na uvivu wa kukifuata. "Dada, nisajilie tu kwa chako, nitabadilisha wiki ijayo." Akamsajilia. Nani hakusajilia mtu? Mjini kote ilikuwa hivyo, mjomba kwa kidole cha mpwa, jirani kwa cha jirani, na aliyekataa alionekana ana roho mbaya. Hakuna aliyejua kwamba siku moja simu itakuwa pia ufunguo wa nyumba, pochi na cheti cha daktari, na kwamba kampuni itakuja kuapa kuwa kidole kilichosajili ni mtu mmoja, na kila kidole kinachotumia laini hizo ni chake.

"Siyo mimi."

"Asante. Mtu huyu ametambuliwa kuwa Ezekia, mwenye kitambulisho ambacho hakijachukuliwa. Anapelekewa wasifu wake."

Kumbe ni rahisi namna hii, alifikiri, na kifua kikampanuka kidogo. Usiku uliopita Ezekia mwenyewe alikuwa amemwambia, macho chini, "Nitoe tu dada. Nimekuaibisha vya kutosha." Sasa mzigo wake amerudishiwa mwenyewe, na pengine utamfaa.

Kipande cha pili hakukitarajia. Duka la dawa, Tabora, mtaa wa Ng'ambo. Dawa ya pumu ya kuvuta, saizi ya mtoto. Mwezi uliofuata, dawa ile ile, na mwezi baada ya huo. Kodi ya chumba. Daftari la shule lenye picha ya twiga. Halafu sauti ya mwanamke kijana, ya haraka haraka, yenye lafudhi ya Kinyamwezi: "Kaka Masanja, niwekee ile ya kuvuta, jana amekohoa mpaka alfajiri. Nakuja baada ya kufunga genge."

Jenoveva hakuwahi kumsikia mtu huyo maishani mwake. Alitafuta kumbukumbu, na ilipokuja alijipiga paja. Yule kijana wa mwavuli pale stesheni, aliyekuwa anasajili laini! Alimshika kidole kwa upole kweli. "Weka tena dada, haijashika. Weka tena. Kavu kidogo, weka tena." Kila alipoweka, kijana alikuwa anasajili laini nyingine, za kwenda kuuza kwa watu wasio na vitambulisho. Ujanja huo kila mtu aliujua, na kila mtu alidhani utampata mwingine.

Alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, na huyu hakuwa ndugu yake. Ndiyo ukweli. Kilikuwa kitu cha kuibiwa, naye alikuwa anarudisha kitu cha kuibiwa.

"Siyo mimi."

"Asante. Mtu huyu hana kitambulisho popote. Hana mwenyewe. Huduma zake zimesitishwa."

"Zimesitishwa zipi?"

"Simu. Malipo. Dawa. Mlango wa nyumba."

"Lini?"

"Tayari."

Jenoveva alisimama ghafla, kigoda kikaanguka. "Ana mtoto mwenye pumu huyo! Umesema mwenyewe, dawa kila mwezi!"

"Taarifa hizo hazikuhusu tena, Jenoveva. Umesema siyo wewe."

"Basi mrudishe. Nimekosea. Ni mimi."

"Jibu likishatolewa halibadilishwi."

Alipiga mlango kwa ngumi, akaupiga tena kwa kiganja. Ukumbini hakuna aliyegeuka, hata mama yake, kwa sababu vibanda vya Sawiri vilijengwa visitoe sauti. Mbele ya duka fulani mtaa wa Ng'ambo mwanamke alikuwa anaweka kidole kwenye kioo na kuambiwa haijashika, na mara hii ilikuwa kweli. Jenoveva aliona aibu ambayo hakuwa na mahali pa kuipeleka. Chumba kilikuwa na neno moja tu la kutokea, na lingemtoa akiwa ameacha kila kitu kama kilivyo, isipokuwa yule mwanamke.

"Unaweza kuendelea," sauti ilisema, "au unaweza kusema nakubali yote. Kwa sasa mtoto wako amefika daraja la tatu. Kimebaki kipande kimoja. Kikitengwa, mtoto atakuwa wa kwanza."

La kwanza! Aliinua kigoda, akakaa.

Alijua kilichobaki ni nani. Mama yake, Konsolata, alivuka ziwa akiwa msichana, vita ikiwa nyuma yake, akaolewa na Mha wa Kasulu, akazaa, akazika mume, na miaka yote hiyo hakupata karatasi hata moja yenye jina lake. Kila alipokwenda kuomba aliambiwa alete hati ya kule alikokimbia. Kidole cha binti yake ndicho kilichomfungulia simu, na kwa simu hiyo sanduku la dawa la zahanati lilimpa sindano ya sukari kila siku. Yeye naye hana mwenyewe. Akitengwa, sanduku halitafunguka, na jina lake linakabidhiwa kwa watu wa mpakani.

Na asubuhi ile, wakati wanavaa, mama alikuwa amesema kama anayeagiza chumvi dukani: "Ukifika kwangu useme hunijui."

"Mama, acha."

"Siachi. Mimi nimekwisha kula chumvi ya kutosha. Huyo hajaonja hata maji. Unikane, Veva, na usirembe maneno. Nikisikia umenibakiza nitakulaani mbele ya watu."

Kioo kiliwaka kwa mara ya mwisho. Sindano za sukari. Simu za jioni kwenda ng'ambo ya ziwa, kwa dada ambaye kwa kawaida hapokei. Redio. Rozari. Mchele wa kilo moja moja. Kisha sauti ilisema, "Kipande cha sauti. Alhamisi iliyopita, mchana, chumbani kwako," na Jenoveva akasikia mtu anakoroma taratibu. Ilimchukua muda kutambua kwamba anayekoroma ni yeye.

Juu ya mkoromo huo mama yake alikuwa anaimba. Ulikuwa wimbo wa kubembelezea ambao mama aliutunga mwenyewe, hauna kitu ndani yake zaidi ya majina ya vilima vya kwao, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio ambao mtu anayetoka shuleni angevipita akirudi nyumbani. Jenoveva alilala kwa wimbo huo utoto wake wote. Mama aliukatisha katikati, kisha akaongea kwa sauti ya chini, na ilikuwa dhahiri kwamba haongei na aliyelala. Anaongea na tumbo.

"Mwana wanje, mwanangu, bibi hutamkuta. Nguo nimeshazikunja, ziko kwenye mfuko. Mama yako akishanitoa kule, mimi nateremka bandarini, navuka. Dawa huko sina, lakini hilo ni langu na Mungu wangu. Wewe uje msafi. Usimwambie mama yako, atalia, na mwenye mimba hatakiwi kulia."

Halafu mkoromo tu.

Jenoveva aligeukia kioo cheusi. Mama yake alikuwa palepale kwenye benchi, mikono juu ya mfuko wa kitenge. Chakula! Alikuwa amepakata nguo zake, anasubiri kukanwa ili awahi boti. Jenoveva alilia bila kujizuia, hakujali katazo lolote la mwenye mimba, na katikati ya kilio alishikwa na hasira ya ajabu: kwamba siri hiyo mama hakumpa yeye, ila kampuni ilikuwa nayo tangu Alhamisi.

"Je," sauti iliuliza kwa upole uleule, "huyu ni wewe?"

Alifikiria daraja la kwanza. Alilifikiria vizuri, hakutaka kujidanganya. Mtoto anayepokelewa kila mahali, asiyejua foleni, ambaye akikua hataulizwa bibi yake alitoka wapi. Mama gani asingemtakia mwanawe hilo? Siku moja mtoto huyo angeweza kusimama mbele yake na kumwambia, uliyauza maisha yangu bila kuniuliza. Upande mwingine ulikuwa na mwanamke kwenye benchi. Na sasa alikwisha kujua neno "tayari" linavyotamkwa.

"Ni mimi," alisema.

Sauti ilisita, jambo ambalo haikuwa imelifanya tangu mwanzo.

"Tunaomba uthibitisho. Umri hauwiani. Mzungumzaji wa kipande hiki alikatisha wimbo. Kama ni wewe, umalizie."

Alifumba macho, akaanzia pale mama alipoachia, na vilima vikaja vyenyewe, kimoja kikamwita kingine: kile chenye migomba, kile cha kanisa, kile ambacho shangazi aliangukia na mtungi, mpaka cha mwisho, kifupi kuliko vyote, ambacho nyuma yake ndipo nyumba ilipokuwa. Hakuwahi kukanyaga hata kimoja. Alipofika mwisho tumbo lilikuwa limetulia kabisa.

"Sauti inalingana kwa kiasi kinachotosha," mashine ilisema. "Imekubaliwa. Jenoveva, kipande hiki ni chako na cha uzao wako, bila kikomo. Daraja la mtoto ni la tatu. Asante kwa kutumia haki yako. Shikamoo."

Mlango ulifunguka.

Jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kufuta uso, lilikuwa kumtumia ujumbe wa sauti mume wake Anatoli, ambaye treni yake ya mizigo ilikuwa inakaribia Tabora. "Baba mtoto, ukishuka uende Ng'ambo. Tafuta duka la dawa la mtu anayeitwa Masanja. Umuulize mteja wake, mwanamke mwenye genge, ana mtoto wa pumu. Leo kidole chake kimekataliwa, na aliyemkataa ni mimi. Mnunulie dawa kwa kidole chako. Usiniulize sasa hivi, nitakueleza." Alijua anamwambia mumewe arudie kosa lilelile la zamani. Alituma hivyo hivyo.

Mama yake alikuwa amesimama. "Umenitoa?"

"Nimekutoa, mama."

"Kwa kweli?"

"Kwa kweli."

Konsolata alimtazama machoni, akaridhika, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetua gunia. "Haya. Umefanya vizuri. Mtoto ni wa daraja la ngapi?"

"Twende nyumbani tutaongea. Naomba mfuko nikubebee."

"Mfuko niachie." Mama aliuhamishia bega la pili. "Wewe tangulia. Mimi napita zahanati kumuaga... kumsalimia Sista."

"Tutapita wote."

Zahanati ilikuwa mtaa wa pili. Njia nzima mama aliongea habari za unga na za paa linalovuja, kwa uchangamfu ambao Jenoveva angeuamini jana. Sista Eufrasia hakuwepo. Kwenye ukuta wa nje sanduku la dawa lilikuwa linanguruma taratibu, jokofu ambalo Jenoveva mwenyewe alilitengeneza mwezi uliopita. Mama alisimama mbele yake.

"Kajaribio kamoja tu," alisema, kama anayejisemea, "nione linavyokataa. Ili nizoee."

"Mama, usi—"

Konsolata alikwisha kuweka kidole.

Mlango mdogo wa sanduku uliruka wazi. Ndani, kwenye baridi, ilikaa sindano ya leo.

"Shikamoo, Jenoveva," sanduku lilisema.

Mama hakugeuka. Mgongo wake ulikakamaa, kisha mabega yakashuka. Mfuko wa kitenge uliteleza ukaanguka vumbini, na ncha ya gauni lake la Jumapili ikachungulia.

"Mtoto mjinga wewe," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuambia nini? Mtoto mjinga kabisa. Umemfunga na mimi."

"Ndiyo."

"Maisha yake yote."

"Ndiyo, mama. Tumefungwa wote. Chukua dawa."

Konsolata aliinua mkono, na Jenoveva alidhani sasa analaaniwa mbele ya watu kama alivyoahidiwa. Watu walikuwepo wa kutosha. Lakini sanduku lilikuwa halijamaliza. Lilikuwa limesoma wasifu mpya, uliothibitishwa, wa mtu mmoja asiye na mashaka ndani yake, na lilikuwa na adabu zake.

"Na hongera kwa ujauzito wako, Jenoveva. Umebakiza siku chache. Mnaendeleaje leo?"

Mwanamke mmoja kwenye foleni aliziba mdomo kwa khanga. Konsolata, mwenye mvi kichwa kizima, alibaki ameinua mkono hewani, hajui aupeleke wapi. Mwishowe aliushusha taratibu, akauweka juu ya tumbo lake mwenyewe.

"Asante," aliijibu mashine. "Tunaendelea vizuri."